Usinunue Kioo
Jumatano, Kariakoo, nilimwona kijana akilinganisha vicheza video viwili vya mfukoni, macho yote kwenye kioo. Alitaka kuhifadhi humo video ya harusi ya dada yake. Chombo hakisifiwi rangi, husifiwa kinachokaa ndani. Naikumbuka iPod ya mwaka 2005: GB 30, lakini video isiyo ya muundo wa MPEG-4 au H.264 ilibidi ibadilishwe kwanza. Na kadi ya kumbukumbu yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, hata ikiwa tupu. Harusi nzima hukwama mlangoni. Hata hivyo, kicheza video kisicho na tundu la kadi hakifai kutunzia kumbukumbu za familia. Kabla ya kulipa, chomeka kadi yako palepale dukani, ufungue video yako mwenyewe.