Kukisia si Uvivu

Katika shule yetu mwanafunzi anayekisia jawabu la hesabu huitwa mvivu. Mimi pia nimepata kukatwa maksi kwa ajili hiyo, wala sikunung'unika, kwani nilikisia nikaishia hapo hapo. Lakini naona kukisia kwenyewe si kosa. Kosa ni kutorudi kuyasahihisha makisio.

Tutazame kipeuo cha pili cha 10. Kisia 3. Gawanya 10 kwa 3, upate 3.3333, chukua wastani wa namba hizo mbili, yaani 3.1667. Rudia vivyo hivyo mara moja tu, nawe utapata 3.1623, jawabu lile lile lililomo katika kitabu chetu cha majedwali. Wagiriki wa kale waliijua njia hii, nayo ilizifaa sana kompyuta za mwanzo, zilizokuwa na nafasi ndogo mno ya kuweka majedwali. Wako wenzangu bwenini wanaoshikilia kwamba kompyuta "inajua". Haijui kitu, inafuata kanuni upesi tu.

Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam wa Marekani, akiwa anapona ugonjwa, alikuwa akicheza karata peke yake. Akataka kujua mchezo ule hufaulu mara ngapi. Hesabu yake ilikuwa ndefu mno, akajiuliza kama si afadhali kucheza mara mia na kuhesabu. Yeye na John von Neumann wakalipeleka wazo hilo kwenye nyutroni. Nyutroni ikiruka ndani ya urani, itakwenda umbali gani kabla ya kugonga kiini cha atomu? Itamezwa, itaruka kando, au itakipasua kiini na kuzaa nyutroni nyingine? Mashine huamua kila hatua kwa namba za nasibu, kama kupiga kura, ikafuata maelfu ya nyutroni moja moja. Mwaka 1948 ENIAC, mashine yenye vali zaidi ya 17,000, ilifanya hesabu hizo. Zilikuwa za mabomu, nami sizisifu kwa hilo. Lakini njia hiyo hiyo hutumika leo katika hesabu za vinu vya nyuklia vya umeme. Tena ina sheria kali: ukitaka kosa lipungue nusu, yakupasa kufuata nyutroni mara nne ya zile za kwanza. Mvivu haiwezi kazi hiyo!

Basi nawaomba walimu wetu, katika jaribio lijalo, watupe swali moja la namna hii bila majedwali, na kila hatua ya kusahihisha ipate maksi yake. Nimekwisha anza na kipeuo cha 50. Nimekisia 7.

Mwanafunzi, Kidato cha IV