Kinanda cha Mianzi na Umaskini wa Istilahi

Haupiti muhula bila mwanafunzi kuinuka na kudai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kufundishia sayansi. Siku hizi humjibu kwa kisa cha kinanda kilichomo katika kanisa la Mtakatifu Yosefu mjini Las Piñas, kusini mwa Manila, nchini Ufilipino.

Padri Diego Cera, Mhispania, alianza kukiunda mwaka 1816. Kinanda cha aina hii hulia kwa upepo wa mivukuto, mfano wa ile ya mhunzi, upitao katika mabomba ambayo Ulaya hutengenezwa zaidi kwa bati na risasi. Cera alitazama alipo, akaona mianzi. Akaikata, akaifukia katika mchanga wa ufuoni muda mrefu ili isiliwe na wadudu, kisha akaunda kwayo mabomba 902. Alipofikia sauti za tarumbeta, mwanzi ulimshinda. Hakuona haya, mabomba 129 aliyafanya ya madini, na mwaka 1824 kazi ikakamilika.

Sisi waundaji wa istilahi tungali tunagombana. Wako wanaokataa kila neno geni, na wako wanaokopa hata pale ambapo neno letu limekaa likisubiri kutumwa. Neno “kinanda” lenyewe zamani lilitaja ala ya nyuzi huko pwani. Zilipoingia ala za kanisani, likapanuka likazibeba, wala sijasikia aliyelalamika.

Hata hivyo, kisa hiki kisipambwe kupita kiasi. Tufani na mitetemeko ya ardhi ya karne ya 19 ilikiharibu kinanda, kikakaa miaka mingi kikiwa hakipigiki ipasavyo. Mwaka 1973 ilibidi kisafirishwe hadi Bonn, Ujerumani, kwa mafundi wa Klais, kikarejea mwaka 1975. Mwanzi ulikuwa wa nyumbani. Ufundi ulikuwa wa ugenini. Baadaye vijana wa Kifilipino wakaenda kujifunza kazi hiyo Ujerumani na Austria, na mwaka 1994 wakafungua karakana yao wenyewe, wakaiita kwa jina la Diego Cera.

Hapa kwetu kamusi za istilahi zimechapishwa, zikapangwa rafuni, na walimu wengi wa fizikia hawajapata kuzifungua. Nawauliza wakuu wa vyuo vya ualimu: mwalimu mtarajiwa anafundishwa wapi namna ya kuunda neno, mbali na kulikariri?