Fasihi ya Japani Ina Mama Zake

Baba yake Murasaki Shikibu alisikitika kwamba binti huyo hakuzaliwa mwanamume. Ndugu yake wa kiume alikuwa akifundishwa Kichina, lugha ya elimu na serikali, lakini aliyeshika masomo upesi ni msichana aliyeketi kando akisikiliza. Habari hii aliiandika mwenyewe katika shajara yake, miaka elfu moja hivi iliyopita, mjini Heian, ambao leo ni Kyoto. Anayetaka kuielewa fasihi ya Japani na aanze hapo, kwa wanawake walionyimwa lugha ya wasomi.

Ushairi ulitangulia, ni kweli. Manyoshu, diwani ya karne ya 8, ina mashairi yapatayo 4,500, ya watawala na hata ya askari waliolinda mipaka. Mwaka 905 Mfalme Daigo aliagiza nyingine, Kokinshu, na tanka, shairi la mizani 31, likawa kipimo cha adabu pale kasrini.

Lakini nathari ilikuwa na kikwazo cha hati. Wanaume wasomi waliiandika kwa Kichina. Kana, herufi zilizofuata matamshi ya Kijapani, zilihesabiwa kuwa za wanawake. Ki no Tsurayuki, mhariri wa Kokinshu, alipotaka kusimulia kwa kana safari yake ya kutoka mkoa wa Tosa, alijifanya mwanamke! Kwa herufi hizo mwanamke wa kasri Sei Shonagon aliandika maoni yake makali kuhusu maisha ya kasri, na Murasaki akatunga Genji, hadithi ya sura 54 inayochimba wivu, upweke na majuto kwa kina ambacho hakuna hadithi ya ngome wala vita ingeweza kukitoa.

Karne zilizofuata zilileta vipofu waliosimulia vita vya ukoo wa Heike kwa kupiga biwa, ala ya nyuzi, kisha mshairi Basho na safari yake ya kaskazini ya 1689.

Kufikia enzi ya Meiji, lugha ya vitabu ilikuwa imeachana na ya mdomoni. Futabatei Shimei alianza kuzikaribianisha mwaka 1887 kwa riwaya yake Ukigumo, na sifa hiyo anastahili. Hata hivyo, aliyemrudishia msomaji wa kawaida Genji kwa Kijapani cha kisasa, mwaka 1912 na 1913, ni mshairi Yosano Akiko, mwanamke tena.

Basi si haki Murasaki kufanywa dibaji ya riwaya za wanaume wa karne ya 20. Mmoja wao, Kawabata Yasunari, hakumweka hapo. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1968, aliwaambia wasikilizaji wake Stockholm kwamba Genji ndiyo kilele cha fasihi ya Japani, na kwamba hadi siku hiyo hakuna hadithi iliyoifikia.