Kabla ya Kununua Spika Bapa, Tuulize Gundi

Baadhi yetu tunasali Rosettenville, na vijana wenzetu huko wanataka maboksi makubwa ya sauti yatolewe kanisani, ziwekwe spika bapa, nyembamba kama mlango. Wazazi wetu waliotoka Lubumbashi na Bukavu wanauliza kwa nini bafle nzima itupwe. Sisi tunaona wazee wana hoja, ila haijaelezwa vizuri.

Spika ya kawaida ina koni inayosukumwa na koili iliyo ndani ya sumaku. Ukingo wa koni mara nyingi ni wa sponji, na sponji huoza baada ya miaka 10 au 15. Fundi hubandika ukingo mpya, kazi ikaendelea.

Spika bapa haina koni. Aina moja ni ile ya Mmarekani Jim Winey, aliyeanzisha kampuni ya Magnepan mwaka 1969: utando mwembamba wa plastiki umebandikwa nyaya na kutandazwa mbele ya safu za sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye nyaya, utando wote hutetemeka. Aina ya pili hutumia umeme tuli, kama Quad ya Peter Walker iliyotoka Uingereza mwaka 1957. Utando wake huchajiwa kwa maelfu ya volti, ukavutwa huku na huku kati ya sahani mbili zenye matundu.

Sauti ya sebene ndani ya spika hizi ni safi, hatubishi. Lakini uhai wa aina ya kwanza uko kwenye gundi. Gundi ikizeeka, nyaya hubanduka na spika huanza kukoroma. Aina ya pili huvuta vumbi, nasi tunaoishi karibu na vilima vya mchanga wa migodi tunalijua vumbi la Agosti.

Tena, spika hizi hutoa sauti mbele na nyuma, kwa hiyo zinahitaji nafasi nyuma yake. Ukizibana ukutani, kama vijana wanavyotaka, sauti huvurugika. Besi nzito nayo huzishinda, kwa sababu utando hausogei mbali.

Hatusemi zisinunuliwe kamwe. Tunasema kabla ya kulipa tumuulize muuzaji mambo matatu: Je, kitambaa na fremu vinafunguka bila kuvunjwa? Je, utando au nyaya mpya vinapatikana? Je, kuna fundi hapa Johannesburg aliyewahi kuvibandika upya?

Fedha hizi ni sadaka za mama zetu wanaosimama sokoni tangu alfajiri. Hazifai kununua kitu kitakachotupwa gundi ikichoka. Tukijibiwa ndiyo mara tatu, sisi wenyewe tutakuja kuzibeba. Tukijibiwa hapana, tumwite fundi abandike sponji mpya.