SOKO LA MAWASILIANO: FUNZO LA ULAYA KWA MASASI NA NEWALA

Uwanda wa juu wa Makonde haukosi mvua. Kinachokosekana ni maji. Udongo wake wa kichanga huyanywa mara yanyeshapo, nayo huzama chini sana na kutokea tena kwenye chemchemi zilizo miguuni pa magenge. Kwa vizazi vingi akina mama wa Newala walishuka bondeni na kupanda tena wakiwa na vyombo vya maji vichwani. Tangu miaka ya 1950, pampu na mabomba yamepunguza taabu hiyo, ijapokuwa hayajaimaliza. Hivyo taabu ya Newala haikuwa kwamba maji hayapo duniani. Taabu ilikuwa gharama ya kuyapandisha, na swali la nani atakayeilipa.

Swali hilohilo sasa linahusu mawasiliano. Nyaya za nyuzi za kioo zilizotandazwa chini ya bahari zilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kujengwa ili kuzifikisha habari mikoani. Habari, basi, zipo bondeni. Wapo wanaoamini kwamba ushindani wa makampuni peke yake utazipandisha hadi kijiji cha mwisho. Imani hiyo haiungwi mkono na historia, hata ya Ulaya, ambako soko la teknolojia ya habari na mawasiliano ni miongoni mwa masoko makubwa kabisa duniani.

Ulaya ilikubaliana kwanza, ikashindana baadaye

Katika miaka ya 1980 kila sehemu ya Ulaya ilikuwa na simu yake ya kuchukulika. Nchi za kaskazini zilikuwa na mfumo wao tangu mwaka 1981. Uingereza ilikuwa na wake, na Ujerumani Magharibi vilevile. Simu iliyonunuliwa London ilikuwa chuma kitupu ikifika Bonn. Soko la kila nchi lilikuwa dogo, na kwa hiyo vyombo vilikuwa ghali.

Dawa yake haikuwa kuongeza mashindano, bali mapatano. Tarehe 7 Septemba 1987, mjini Copenhagen, wawakilishi wa nchi 13 walitia sahihi makubaliano ya kutumia mfumo mmoja wa simu, ambao ulikuja kujulikana kwa jina la GSM. Simu ya kwanza ya mfumo huo katika mtandao wa biashara ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991. Soko la Ulaya lilifunguliwa rasmi kwa ushindani kamili wa huduma za simu tarehe 1 Januari 1998, yaani zaidi ya miaka kumi baada ya mapatano ya Copenhagen. Lugha ya pamoja ya mitambo ilitangulia, ushindani ukafuata. Viwanda viliweza kutengeneza chombo kimoja kwa wateja wa nchi nyingi, bei ikashuka, na mfumo huo ukaenea duniani kote, Tanzania ikiwamo.

Hata hivyo ukuaji huo haukuondoa matatizo. Kampuni ya Nokia ya Finland, ambayo kwa miaka kadhaa iliongoza dunia kwa kuuza simu, iliuza kitengo chake cha simu kwa Microsoft ya Marekani katika mapatano ya mwaka 2013 yaliyokamilika mwaka 2014. Ulaya hununua sehemu kubwa ya programu zake kutoka Marekani, na chipu nyingi kutoka Asia, ijapokuwa mitambo bora kabisa ya kuchora chipu hizo hutengenezwa na kampuni ya ASML ya Uholanzi. Ndiyo maana mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya chipu, ukijiwekea lengo la kufikia asilimia 20 ya uzalishaji wa dunia ifikapo mwaka 2030. Kadhalika sheria za Umoja huo huzitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba huduma ya msingi ya mawasiliano inamfikia kila raia, hata aliye mlimani au kisiwani. Yaani wenye soko kubwa wenyewe hawakuliachia soko kila kitu.

Njia iliyopitiwa na Tanzania

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, kwa kuwa vilitumia fedha nyingi za kigeni. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi katika nchi iliyohitaji dawa na mafuta. Lakini gharama yake ilikuwa kuchelewa kwa wataalamu, na mtaalamu haagizwi kwa meli kama mashine. Katika miaka ya 1990 mlango ulifunguliwa. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1993 iliruhusu makampuni mengine kuingia, na mwaka 1994 simu za mkononi zikaanza kufanya kazi Dar es Salaam. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini mwaka 2008. Mwanzoni kila kampuni ilikuwa kisiwa, kama simu za Ulaya kabla ya 1987. Mwaka 2014 makampuni yalianza kupatana ili fedha zivuke kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Hapa ndipo funzo la Copenhagen lilipotumika kwa vitendo: palipokuwa na mapatano, soko lilipanuka.

Idadi ya laini si kipimo cha kutosha

Mara nyingi ukuaji wa soko hili huelezwa kwa idadi ya laini za simu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, na kufikia mwaka 2024 laini zilizosajiliwa zilikuwa zimepita milioni 70. Mwanafunzi makini atauliza mara moja: je, watoto wachanga nao wana simu? La hasha. Watu wengi wana laini mbili au tatu, kwa sababu mtandao mmoja hushika shambani na mwingine mjini, au kwa sababu vifurushi hutofautiana bei. Kwa hiyo sehemu ya hesabu inayotajwa kuwa ni ustawi huenda ikawa, kwa kweli, ni dalili ya upungufu.

Fizikia ya kidato inaonyesha chanzo cha upungufu huo. Mawimbi ya simu husafiri takriban katika mstari ulionyooka. Ukichukua kimo cha mnara kwa mita, ukatafuta kipeuo chake cha pili, na kuzidisha kwa 3.6, unapata takriban umbali wa upeo wa macho kwa kilomita. Mnara wa mita 49 uliosimama tambarare huona kilomita 25. Mnara uliosimama kwenye ukingo wa genge, mita 400 juu ya bonde, huona zaidi ya kilomita 70. Mtu angedhani kwamba mnara mmoja wa Newala ungetosha bonde zima la Ruvuma. Lakini simu ya mkononi ina nguvu ndogo ya kujibu. Mfumo wa GSM kwa kawaida hauruhusu masafa yapite kilomita 35, kwa kuwa kila simu hupewa nafasi fupi sana ya muda na wimbi la mbali huchelewa kufika. Na kijiji kilicho chini kabisa ya genge kimo ndani ya kivuli chake. Kule Masasi vilima vya mawe hutupa vivuli vya namna hiyohiyo.

Basi eneo kama hili lahitaji minara mingi kwa wateja wachache, tena wenye fedha hasa katika msimu wa korosho. Isitoshe, mikoa ya Mtwara na Lindi kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa, na mnara bila umeme ni mti mkavu. Mfanyabiashara anayepiga hesabu yake kwa haki ataanzia kwingine. Hilo si kosa lake; ndiyo tabia ya soko.

Kinachopotea pasipo na mtandao

Mambo mawili yatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. La kwanza ni korosho. Mazao ya wakulima wa Newala na Masasi hukusanywa na vyama vya msingi na kuuzwa kwa mnada chini ya vyama vikuu vya TANECU na MAMCU, katika mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza msimu wa 2007/2008. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za minada, na serikali ikatangaza kuwa itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mwaka 2024 minada iliendeshwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, na bei za mwanzo za msimu huo zilipita shilingi 4,000. Mnunuzi sasa aweza kutoa bei akiwa mbali sana na ghala. Ni haki kwamba mkulima naye aijue bei hiyo siku ileile, wala asiisikie kwa mchuuzi anayefika na mizani yake usiku.

La pili ni uhai. Mwaka 2022 ulizinduliwa kitaifa mpango wa m-mama, ambao huwatafutia usafiri wa dharura wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga kwa kupiga namba 115 bila malipo. Mpango huo unaungwa mkono na taasisi ya hisani ya kampuni ya Vodafone ya Uingereza. Basi hata katika jambo hili soko la Ulaya na kijiji cha Ruvuma vimekutana. Lakini namba isiyolipiwa haina maana mahali pasipo na mawimbi. Mama anayetokwa damu akiwa chini ya genge, na Hospitali ya Mkomaindo iko mjini Masasi, hatasaidiwa na laini milioni 70 zilizosajiliwa kwingine.

Yapasayo kufanywa

Wako watakaosema kwamba serikali ijenge kila kitu. Ukiritimba wa zamani ulijaribiwa Ulaya na Afrika, ukaacha watu wakingoja simu kwa miaka. Njia iliyo bora ni ya kati: makampuni yashindane pale panapolipa, na ruzuku ipandishe mawasiliano pale pasipolipa. Tanzania inacho chombo cha kazi hiyo, yaani Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006. Mfuko huo upimwe kwa vijiji vinavyoweza kupiga 115 mchana na usiku, wala si kwa minara iliyozinduliwa tu. Aidha minara itumiwe kwa pamoja, kwani kusimamisha minara mitatu kwenye kilima kimoja na kukiacha cha jirani kitupu ni kupoteza mali ya taifa.

Kodi na tozo nazo zitazamwe kwa makini. Tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021 malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba zilipunguzwa mwaka huohuo. Anayetuma shilingi 10,000 kijijini si tajiri aliyejificha. Ni mtoto anayemtunza mzazi.

Lakini pampu haifai bila fundi. Ulaya yenyewe, pamoja na vyuo vyake vyote, imejiwekea lengo la kuwa na wataalamu milioni 20 wa fani hii ifikapo 2030, kwa kuwa haina wa kutosha. Shule za sekondari za Masasi na Newala zaweza kuanza bila kungoja maabara. Wanafunzi wachore ramani ya kata yao na kuandika mahali mtandao unaposhika na usiposhika. Wapime kimo cha vilima na kuona kivuli cha mawimbi kinaangukia wapi. Wakokotoe bei ya megabaiti moja katika kila kifurushi. Ramani hiyo ipelekwe kwenye baraza la madiwani, maana ombi lenye vipimo ni gumu kulipuuza.

Wazee wa uwanda huo hawakuambiwa kwamba mvua ikizidi, maji yatapanda genge yenyewe. Walijua ni lazima yapandishwe. Mawasiliano nayo ni hivyo hivyo.