Nyongeza Isiyopotea Huua Mchezo

Siku hizi hata katika vituo vya biashara kama Kanyangi, huko Kitui, simu ya mkononi imeiweka michezo ya vita vya roboti viganjani mwa vijana. Wazee wengi, na walimu pia, huitazama michezo hiyo kwa jicho la dharau, wakidhani kwamba hamna lolote ndani yake ila kupoteza wakati. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Ndani ya michezo hiyo mna swali zito linalomkabili kila mtunga kanuni, awe wa mchezo, wa shule au wa nchi: ukitaka kumtuza mshindani aliyefuata njia fulani, utampa tuzo ya kiasi gani bila kuziua njia nyingine zote?

Tuchukue, mathalani, mchezo uitwao MechWarrior Online, uliotolewa rasmi mwaka wa 2013 na kampuni ya Piranha Games ya Vancouver, Kanada. Mchezaji huketi ndani ya roboti kubwa ya vita na kuiendesha. Baadhi ya roboti hizo zimegawanywa katika sehemu nane: kichwa, kiwiliwili cha kati, mbavu mbili, mikono miwili na miguu miwili. Roboti moja huwa na matoleo kadhaa, na mchezaji anaweza kuutwaa mkono wa toleo moja na kuuunganisha na ubavu wa toleo jingine, mradi apate kubeba silaha azitakazo. Ili matoleo dhaifu yasisahauliwe, watunzi waliweka nyongeza: anayetumia sehemu zote nane za toleo moja hupewa faida ya ziada ambayo mwenye kuchanganya haipati.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Nyongeza ikiwa ndogo, haimvuti mtu, na toleo dhaifu hubaki limetupwa. Ikiwa kubwa, hakuna tena atakayethubutu kuchanganya, na ule uhuru wa kujiundia roboti hubaki jina tu. Na ikiangukia toleo ambalo tayari lina nguvu, wachezaji wote wataliendea hilo moja, na kila pambano litakuwa marudio ya lile la jana.

Nikiwa mwalimu wa isimu, naona kwamba neno tulitumialo hapa huweza kutupoteza. Husema kwamba mchezo unahitaji "kusawazishwa". Lakini kusawazisha kiwanja ni kuondoa vilima na kufukia mashimo hadi pawe tambarare. Mchezo ukisawazishwa hivyo, roboti zote zitafanana, na kuchagua hakutakuwa na maana. Afadhali tuseme "uwiano". Gunia la ndengu na jiwe la mizani havifanani hata kidogo, ila hulingana kwa uzito. Mchezo mzuri ni ule ambao njia zake hazifanani, ilhali kila moja yaweza kumfikisha mtu kwenye ushindi.

Wala hatuhitaji kusafiri hadi Vancouver ili tupate mfano wa uwiano huo. Wenzetu wa pwani wamekuwa nao kwa muda mrefu katika bao la Kiswahili. Ubao wake una mashimo 32 na kete 64. Katika bao la kujifunza, kila shimo huanza na kete mbili, na mashimo yote ni sawa. Lakini katika bao lenyewe, lile la mabingwa, kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni na 22 mkononi, na kati ya zile 10, sita huwekwa katika shimo moja liitwalo nyumba. Shimo hilo lina haki ambayo mengine hayana: mchezaji aliyekula kete za mwenzake, na mtawanyo wake ukaishia ndani ya nyumba yake, anaweza kuamua kukomea hapo au kuzichota kete zote na kuendelea.

Ni upendeleo wa wazi. Kwa nini basi hauuharibu mchezo? Kwa sababu umewekewa mipaka. Kwanza, nyumba haina haki hiyo ikiwa na kete zisizofika sita. Pili, adui anaweza kuila. Tatu, mwenyewe akishazichota kete zake, nyumba hugeuka shimo la kawaida na haki yake haimrudii tena. Kwa hiyo kila mchezaji hujiuliza: niitunze nyumba au niitumie? Mmoja huitunza hadi mwisho, mwingine huivunja mapema, na wote wawili waweza kushinda. Hiyo ndiyo siri ambayo watunzi wengi wa michezo ya kompyuta huitafuta kwa kurekebisha tarakimu kila mara: nyongeza imfae mtu, lakini iwe na gharama, na iweze kupotea.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mchezo tu, na kwamba aliye hodari atashinda kwa vyovyote. Nawaomba wamtazame mkulima wa Kanyangi. Yeye hutegemea sana mvua za Oktoba hadi Desemba, naye ajua kwamba zaweza kukatika kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Kwa hiyo huchanganya mahindi, kunde, mbaazi na mtama. Bei nzuri ya ndengu ni nyongeza, tena ni halali aifuate. Lakini akiling'oa kila zao jingine kwa ajili ya bei hiyo, msimu mmoja mbaya utamwacha mikono mitupu.

Shule zetu nazo hugawa nyongeza. Wanafunzi wa Gredi ya 10, iliyoanza Januari 2026, wana mikondo mitatu mbele yao: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Shule ikitoa zawadi, sifa na vifaa kwa mkondo mmoja peke yake mwaka nenda mwaka rudi, isishangae watoto wote wakikimbilia huko, hata wale ambao vipaji vyao viko kwingine. Hiari itakuwepo karatasini, lakini itakuwa imekufa darasani.

Basi napendekeza jambo dogo lisilo na gharama kubwa. Walimu wawape wanafunzi, katika chama cha michezo au cha hisabati, kazi ya kutunga mchezo wao wenyewe, hata kama ni wa vizibo vya chupa juu ya kadibodi. Waipe kete moja nyongeza, wacheze mara ishirini, waandike nani alishinda na kwa njia gani. Ikidhihirika kwamba njia moja ndiyo ishindayo daima, wabadilishe tarakimu moja tu na wacheze tena, kisha waeleze kwa Kiswahili sanifu kwa nini waliibadilisha. Atakayeifanya kazi hiyo kwa bidii atakuwa amejifunza hesabu, ufasaha na haki kwa pamoja. Na siku atakapokabidhiwa kalamu ya kuandika kanuni za watu wengine, atajua kwamba kila tuzo aitoayo humfunga mtu mahali fulani.