Jina Halina Bei



Juma hili tunapenda kutafakari juu ya desturi iliyoota mizizi huko Marekani na Uingereza, ambayo huwavuta pia baadhi ya vijana wetu waishio ughaibuni: kukusanya saini za waigizaji wa filamu katika makongamano ya mashabiki. Mwezi Januari 1972 wapenzi wa Star Trek walikutana hotelini jijini New York. Waandaaji walitarajia mamia, wakaja maelfu. Tangu hapo makongamano ya namna hiyo yamekuwa biashara kubwa. Nyota huketi nyuma ya meza, bei ya saini yake imebandikwa, na bei ya kupiga naye picha ni nyingine. Msaidizi hupokea fedha na kuandika jina la shabiki juu ya kikaratasi, ili nyota alinakili pasipo kukosea. Pembeni wapo wanaotoza ada tena, kuthibitisha kwamba saini hiyo haikughushiwa.

Wapo waamini wanaokemea upesi: hiyo ni ibada ya sanamu! Hatukubaliani nao. Kijana anayesimama saa nzima katika foleni ili amshukuru mtu ambaye kazi yake ilimfariji utotoni haabudu sanamu. Shukrani ni fadhila. Na ile hamu ya kuuona uso wa mwingine, na kulisikia jina lako likitajwa, Muumba mwenyewe ndiye aliyeiweka mioyoni mwetu.

Wengine huuliza: je, mwigizaji naye ale nini? Hatumnyimi ujira wake. Lakini kazi yake ni kuigiza, na watazamaji wameilipia kazi hiyo. Kinachouzwa pale mezani ni ukaribu: sekunde chache za binadamu kumtazama binadamu mwenzake. Hicho ndicho tunachokipinga. Carrie Fisher, aliyeigiza Princess Leia, katika kitabu chake The Princess Diarist cha mwaka 2016 hakuficha kwamba aliona kuuza saini ni kujishusha, ingawa aliwapenda mashabiki wake. Ikiwa muuzaji mwenyewe aliona haya, yatupasa kusema wazi kwamba biashara hii humdhalilisha anayelipa na anayelipwa.

Kanisa linaijua hatari hii tangu zamani. Mtume Petro alimkaripia Simoni mchawi, aliyetaka kununua kipaji cha Mungu kwa fedha (Mdo 8:18-20). Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inakataza kabisa kuuza masalia ya watakatifu (Kan. 1190). Kwa nini? Kwa sababu mambo ya moyo yakipangiwa bei, maskini hufukuzwa mlangoni na tajiri hudanganywa kwamba amepata.

Tumtazame sasa Alec Guinness, mwigizaji Mwingereza. Alipokuwa Burgundy, nchini Ufaransa, akiigiza Padre Brown katika filamu iliyotoka mwaka 1954, jioni moja alirudi malazini angali amevaa kanzu ya kipadre. Mtoto asiyemjua alimshika mkono, akamwita baba, akatembea naye akiongea bila kukoma, kisha akamuaga na kwenda zake. Guinness alilistaajabia Kanisa liwezalo kupanda imani ya namna hiyo katika moyo wa mtoto. Mwaka 1956 alipokelewa katika Kanisa Katoliki.

Miaka mingi baadaye, Star Wars ilipokwisha kumpa umaarufu wa dunia nzima, mvulana mmoja jijini San Francisco alimwambia kwa fahari kwamba ameiona filamu hiyo zaidi ya mara 100. Guinness alimwomba aahidi kutoitazama tena kamwe. Mtoto akaangua kilio. Wapo wanaolishangilia jibu lile. Sisi twasema lilikuwa kali mno. Mtoto wa kwanza alipewa mkono. Wa pili alipewa karipio. Wote wawili walikuwa na njaa ileile.

Basi, ndugu wapendwa, tusiwakaripie vijana wetu, wala tusiwanyamazie wafanyabiashara wa nyuso. Yule mwanamke mgonjwa alikwisha kutumia mali yake yote kwa waganga, akaja akagusa pindo la vazi la Yesu katikati ya msongamano (Lk 8:43-48). Bwana hakumwacha aondoke na pindo tu. Alisimama, akamtafuta, akamwita binti. Hakukuwa na bei, wala msaidizi wa kupokea fedha, wala mtu wa kuisukuma foleni.

Kila jumuiya ndogo ndogo, kila kwaya na kila mlango wa kanisa uwe mahali ambapo mtu huitwa kwa jina lake bila kulipa. Mzazi amsikilize mtoto wake akisimulia filamu aipendayo, hata kama ni mara ya mia. Nasi mapadre tusimame mlangoni baada ya Misa, tukiwatazama waamini usoni. Kijana aliyeitwa kwa jina nyumbani kwake hatalipa fedha ili mgeni alinakili kutoka kwenye kikaratasi. Na akumbuke furaha ambayo Bwana aliwaagiza wanafunzi wake: kwamba majina yao yameandikwa mbinguni (Lk 10:20).